Kumshika Asiingie

Mwaka 1999, risasi ziliponyamaza upande wetu na watu wa Busasamana na Cyanzarwe wakaanza kurudi kwenye mashamba yao, mjini Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kilianzishwa kikundi cha vijana wa zimamoto. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi na mama yangu tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, tukapata nyumba Rugerero, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha watu. Shuleni nikifungua mdomo tu, darasa zima linageuka kunitazama. Kwa hiyo niliposikia kwamba mwalimu wa zimamoto anafundisha kwa Kiswahili, nilikwenda kujiandikisha kabla hata sijauliza kazi yenyewe ikoje.

Mwalimu alikuwa amerudi kama sisi. Alikuwa amezima moto Mwanza kwa miaka mingi, mzee mfupi mwenye kifua kipana, anayetembea kama mtu aliyebeba ndoo mikono yote miwili. Kiswahili alikichagua kwa sababu miongoni mwetu waliotoka Uganda walijua Kiingereza, waliotoka Kongo walijua Kifaransa, wenyeji walikuwa na Kinyarwanda chao, na moto, alisema, haumsubiri mkalimani. Wengine walitaka kumwita Afande, kama tulivyozoea kuwaita wanajeshi waliojaa mjini. Alikataa.

"Mimi sijawahi kumlenga mtu bunduki," alisema. "Mimi namwaga maji. Niiteni mwalimu."

Tulikutana Jumatano baada ya masomo na Jumamosi mchana kutwa, kwenye uwanja wenye ukuta wa mawe meusi ya volkano. Gari lilikuwa moja, jekundu lililopauka, na wazima moto wenyewe wa kazi walikuwa wawili tu pamoja naye. Sisi vijana tulipewa ovaroli za bluu zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine, na kofia ngumu ambazo hazikututosha sote, kwa hiyo tulipokezana. Unavaa kofia ina joto la kichwa cha mwenzako.

Rafiki yangu nilimpata kwa njia ya kofia. Alinivulia yake, akanipachika kichwani, ikanishuka mpaka puani, akacheka hadi akakaa chini.

"We Mutanzania," alisema, "kichwa yako ni ya kuku!"

Alikuwa wa Mbugangari, karibu na mpaka. Mama yake alizaliwa Goma, na ndugu zao wengi walikuwa bado huko, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, chenye "iko" kila mahali na "njo" badala ya "ndiyo". Mimi nilikisahihisha, yeye akakiiga changu kwa kubana pua kama mtangazaji wa redio. Baada ya majuma machache kila mmoja alianza kusema cha mwenzake bila kujua. Mama yangu alinisikia nyumbani nikisema "mutu" akaniuliza kama nimeota jino.

Ziwa lilikuwa darasa letu bora. Tulisukuma pampu ndogo mpaka ufukweni, tukatumbukiza mpira wa kuvutia maji wenye kichujio mdomoni, na mwalimu akapaza sauti: "Maji, fungua!" Mpira uliokuwa umelala kama nyoka aliyekufa ukajaa, ukakazana, ukataka kututoroka mikononi. Watu wawili walishika mdomo wake na wa tatu akawasukuma mgongoni. Tuliyachota maji ziwani tukayarudisha ziwani. Wapita njia walisimama kucheka. Mwanamke mmoja aliyebeba beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, alituuliza kama tumeshauona moshi ukitoka humo majini. Rafiki yangu akamjibu kwamba tunazima ziwa kwanza, halafu tukimaliza tutapanda kuzima volkano. Mwalimu alijifanya hakusikia, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumamosi jioni, mazoezi yakiisha, sikurudi moja kwa moja Rugerero. Nilipitia Mbugangari kwa rafiki yangu. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, paa la bati, na mama yake alikuwa daima uani, kwenye kigoda, akipepeta kitu au kusuka kitu au kumsema mtu. Alivuka mpaka karibu kila siku. Asubuhi alipeleka mboga na samaki Goma, mchana akarudi na sabuni, vitenge na mafuta ya taa ya kuuza kwa chupa. Alikuwa Mwislamu, na marehemu mume wake alikuwa Mkatoliki. Basi Ijumaa alijifunga ushungi akaenda msikitini, na Jumapili alimsindikiza binti yake mpaka kwenye ngazi za kanisa, akamwekea sawa kola, akarudi nyumbani. Habari za mume wake sikuuliza, na yeye hakuniuliza za baba yangu. Miaka ile mtoto hakumuuliza mtoto mwenzake baba yuko wapi.

"Kula, mutoto yangu," alikuwa akiniambia, akiniongezea maharage kabla sijamaliza ya kwanza. "Uko mwembamba sana. Huko Tanzania hakukuwa chakula?"

"Kilikuwepo, mama."

"Basi uliweka wapi?"

Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa maneno machache, aliyechoka mapema. Sikusema hivyo kwa mtu, lakini kwenye kile kiua cha Mbugangari nilijifunza jinsi inavyokuwa mtu mzima akifurahi kukuona unaingia.

Lipo somo moja la zimamoto ambalo watu hawalifikirii. Mwalimu alilileta siku ya mvua, tulipokuwa tumejibanza chini ya paa la banda la gari.

"Nyinyi hamtaingia kwenye moto," alisema. "Hamna umri, hamna vifaa, na mimi sina moyo wa kwenda kuwaambia mama zenu. Kazi yenu ni mipira, kamba, na watu. Na katika watu, kuna mmoja atakayetaka kuingia. Daima yupo. Mtu anayeona chake kinaungua si yule mnayemjua. Huyo lazima ashikwe."

Akatuonyesha. Unampitia nyuma. Mikono yako inazunguka kifua chake chini ya makwapa, unafunga kiganja kwa kiganja, si vidole kwa vidole. Kichwa chako unakilaza pembeni ya mgongo wake, asije akakuvunja pua. Kisha unapiga magoti naye, kwa sababu mtu aliyepiga magoti hawezi kukimbia. Wala usizungumze naye sana.

Tulifanya mazoezi wawili wawili. Mimi na rafiki yangu, bila shaka. Yeye alipenda kuwa yule anayetaka kuingia. Alipiga mayowe ya uongo, "Sahani zangu! Mbuzi yangu!" na nilipomshika alinitekenya mpaka nikamwachia, na wote wawili tukaanguka kwenye matope. Mwalimu alituambia turudie. Tulirudia mpaka nikaweza kumshika hata akinitekenya.

Ilikuwa Jumamosi, mchana wa jua kali baada ya mvua ya asubuhi. Tulikuwa tunakunja mipira uwanjani mwanamke mmoja alipoingia langoni mbio, kitenge kimefungwa hovyo, hana kiatu. Alisema kwa Kinyarwanda kwamba kuna nyumba inaungua Mbugangari. Gari liliwaka mara moja. Hilo nalikumbuka, kwa sababu mara nyingi lilihitaji kusukumwa, na siku ile liliwaka kama jipya. Mwalimu akaita vijana wa zamu waje kushika kamba na watu. Mimi na rafiki yangu tulikuwa wa zamu.

Tulisimama nyuma ya gari, tumeshikilia vyuma. Tulipopanda kuelekea juu mjini tukauona moshi. Ulikuwa mweusi, mzito, wa mafuta.

"Iko upande ya kwetu," rafiki yangu alisema.

"Mbugangari ni kubwa," nilimwambia.

Tulipokata kona kwenye duka la Mwarabu alikuwa ameshaanza kusali, midomo tu.

Gari halikuweza kuingia kwenye kichochoro. Tuliruka chini, tukabeba mipira begani tukakimbia. Majirani walikuwa wamejaa, wengine wanamwaga maji kwa ndoo, na kila ndoo iliufanya moto utapakae zaidi kwa sababu yalikuwa mafuta. Mwalimu aliwapigia kelele waache maji walete mchanga. Nyumba ilikuwa ile ya mbao, ya vyumba viwili. Sehemu ya mbele ilikuwa bado imesimama lakini dirisha la nyuma lilikuwa linatema moto wa manjano.

Baadaye tulielezwa kilichotokea. Mafuta ya taa ya juma lile mama wa rafiki yangu alikuwa ameyanunua kwa mtu mgeni, na yule mtu alikuwa ameyachanganya na petroli. Mama alikuwa anajaza jiko la utambi chumba cha nyuma. Madumu mengine yalikuwa pale pale ukutani. Jirani alisikia mlipuko kama wa bati likipigwa na jiwe kubwa.

Lakini pale kwenye moto, jirani huyo alimwona rafiki yangu akasema neno ambalo pengine hakukusudia kulisema kwa sauti:

"Mungu wangu, mama yake iko ndani."

Rafiki yangu aliachia mpira. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Mwalimu aligeuka, akatutazama wote wawili, na naamini katika ule mtazamo alijua anachoniomba.

"Mshike!" alisema. "Binti, mshike, usimwachie!"

Nilimpitia nyuma. Nikafunga kiganja kwa kiganja, nikalaza kichwa pembeni ya mgongo wake, nikapiga magoti naye. Ardhi ya kule ni changarawe nyeusi ya volkano, na magoti yetu yalichanika mara moja. Alikuwa na nguvu ambazo sijawahi kuziona kwake. Alinipiga kwa visigino. Aliinamisha kichwa akaniuma mkono, akauachia, akauma tena mahali pengine.

"Niache! Mama iko ndani! We, niache!"

Sikumwambia kitu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Mwalimu alijifunika blanketi lililoloweshwa, akaingia kwa mlango wa mbele. Mwenzake alishika mpira akimfunika kwa maji ya manyunyu. Alitoka akikohoa, mikono mitupu, akalowesha blanketi upya akaingia tena. Rafiki yangu alipomwona anaingia mara ya pili alitulia kidogo, akaanza kunibembeleza. Hiyo ndiyo sehemu ninayoisikia mpaka leo kuliko mayowe. Aliongea polepole, kwa Kiswahili changu, kile cha Tanzania, kana kwamba kilikuwa ufunguo.

"Dada yangu, nakuomba. Nakuomba sana. Niachie kidogo tu. Nitamwita tu mlangoni."

Nilikaza mikono.

Paa la nyuma likaanguka kwa ndani. Mwalimu alitoka kinyumenyume, na mwenzake akamvuta kwa ukosi. Ovaroli yake ilikuwa inafuka moshi na viganja vyake vilikuwa vimegeuka rangi. Hakuingia tena. Alisimama akaamuru maji yafunguliwe kwa nguvu zote, na kwa jinsi alivyosema, kwa utulivu, rafiki yangu akaelewa. Nilimhisi alipoelewa. Mwili wote ulimwishia mikononi mwangu, akawa mzito kama nguo iliyolowa. Hakulia. Alikuwa anatazama maji yakipiga mbao.

Nyumba za jirani hazikuungua. Kamba ilifungwa vizuri, watu hawakuumia, mipira haikuvuja. Nimejaribu miaka yote hii kutafuta kitu ambacho tungekifanya vingine, na sikukipata. Tulifanya kila kitu kama tulivyofundishwa, na mama yule akafa.

Mwalimu alikuja akapiga magoti mbele yetu, kofia mkononi.

"Pole, binti yangu," alisema. "Nilifika mlango wa chumba chake. Hakuwa anaita. Nadhani alikwisha kuondoka mapema."

Rafiki yangu hakumtazama. Aliniambia mimi, bila kugeuka:

"Toa mikono."

Nilitaka kuitoa nikashindwa. Vidole vilikuwa vimekazana, na kijana mwenzetu mmoja alilazimika kuinama akavifungua kimoja kimoja.

Nilipofika nyumbani Rugerero mama yangu alikuwa ameshajua. Habari zilikuwa zimetangulia. Alichemsha maji, akatia chumvi, akanikalisha kwenye mkeka akaniosha zile alama za meno, mkono huu kisha ule, taratibu, kama alivyokuwa akiniosha nilipokuwa mtoto kambini kule Tanzania. Nilimwambia, "Mama, niliweza kumshika." Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia tena. Akasema tena, "Ndiyo."

Mama wa rafiki yangu alizikwa kesho yake asubuhi, kwa taratibu za Kiislamu. Wanaume walikwenda makaburini na jeneza, sisi wanawake tulibaki kwa jirani, tumekaa chini kwenye mikeka. Rafiki yangu alikaa kati ya mama yake mdogo aliyekuja kutoka Goma na bibi mmoja wa msikitini. Nilimpelekea chai. Alikitazama kikombe, akaitazama mikono yangu iliyofungwa vitambaa, akageuza uso. Mama yake mdogo akakipokea kwa niaba yake, akanishukuru kwa sauti ya chini. Wakati wote wa matanga ilikuwa hivyo. Nikiingia mlangoni, alitoka kwa mlango wa uani. Hakunisema kwa mtu wala hakunitukana, alijiondoa tu nilipokuwepo.

Matanga yalipokwisha mama yake mdogo alimchukua. Nilikwenda kwenye bariye ndogo ya mpakani, pale wanapovukia wachuuzi, nikasimama kwenye msururu wa watu wenye mabeseni. Nilimwona akipita na mfuko mmoja. Nilimwita. Alisimama, mgongo ukiwa kwangu, muda wa kuweza mtu kuvuta pumzi. Kisha akaendelea.

Mwalimu alikuja kwetu siku moja, mikono yake bado imefungwa. Mama alimpa kiti kizuri. Aliniambia kwamba ningemwachia yule mtoto tungezika wawili.

"Najua, mwalimu. Lakini hataki kuniona."

"Hawezi kutaka."

"Itaisha lini?"

Alikuwa mtu asiyependa kusema uongo hata wa kufariji.

"Kule Mwanza yuko mzee mmoja niliyemshika wakati kijana wake anaungua ndani. Tulikuwa tunasali kanisa moja. Alihama kanisa." Akanyanyua kikombe kwa viganja viwili, kwa taabu, akanywa. "Sijui, binti. Sikujua wakati ule na sasa sijui."

Nilirudi kwenye kikundi, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda Jumamosi. Mazoezi ya ziwani yaliendelea lakini hakuna aliyefanya mzaha. Somo la kumshika mtu mwalimu alilifundisha kwa gunia lililojazwa mchanga. Hakutupanga wawili wawili tena. Kabla mwaka mwingine haujaisha gari lilipelekwa mji mwingine, na kikundi kikafa polepole, mmoja anahamia Kigali, mwingine anaolewa.

Rafiki yangu nilionana naye tena uso kwa uso mara moja. Ilikuwa asubuhi, pale pale kwenye bariye, msururu haujasogea. Alikuwa na beseni la sabuni kichwani, amefunga kitenge kama mama yake alivyofunga, fundo pembeni. Alikuwa amekonda. Safari hii hakukwepa. Alishusha beseni chini, akaliweka kati yetu.

"Mi sikukukasirikia," alisema, kabla hata ya salamu. "Nilitaka ujue. Lakini nikikuona, nasikia ile mikono. Hapa." Akajigusa kifuani. "Sipumui."

Nilimwambia najua. Sikujua, lakini nilisema hivyo.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Kama ungeniacha, ningemutoa?"

Nilitamani kusema neno jingine lolote.

"Hapana," nilisema. "Mngekufa wote wawili."

Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimemtajia njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaijua.

"Njo ile nilikuwa nataka," alisema. "Tukufe wawili. Ile siku nilikuwa nataka vile. Leo sijui."

Watu walianza kusogea. Mtu nyuma yetu alilalamika kwa Kinyarwanda kwamba tunaziba njia. Nilitaka kumsaidia kubeba beseni, nikanyoosha mikono, halafu nikaikumbuka, nikairudisha nyuma. Aliona. Akainama akalibeba mwenyewe, akalisawazisha kichwani.

"Bon. Naenda," alisema. Alipiga hatua, akasimama. "Mama yako iko?"

"Yupo."

"Umusalimie."

Nilimtazama mpaka askari wa upande wa pili akamruhusu. Baadaye nilisikia kwamba aliolewa kule Goma na kwamba ana watoto. Ninao watu wa kumpelekea salamu, na huwa zinarudi, fupi.

Siku ile ya bariye nilirudi Rugerero kwa miguu. Mama alikuwa uani anamenya maharage mabichi, maganda yamejaa mapajani. Nilimpa salamu.

"Kakuambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake?" aliniuliza.

"Kwa mdomo wake."

Mama aliyakusanya maganda yote kwenye kanga, akainuka, akayamwaga kwa mbuzi. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, kama alivyofanya kila alipotaka kulia peke yake, na mimi nikakaa pale kwenye mkeka nikaendelea kumenya.